Ramani ya Valbrenne Nyuma ya Kalenda

Valbrenne, 11 Februari 2024

Dada Armelle,

Usishtuke kuona bahasha, hakuna jambo. Ni Mama tu. Anasema tuandikiane kwa karatasi kama zamani, wewe na shemeji Égide mlipotangulia Australia na sisi tukabaki kambini Kigoma. Na kweli simu hapa ni taabu. Nyumba tuliyohamia ina kuta za mawe nene kama urefu wa mkono wangu, mtandao unaingia ukisimama dirishani tu, na Mama masikio yamezidi kuwa mazito. Ukimpigia analia bila kusikia. Basi barua.

Uliniuliza mji wenyewe ukoje. Ni mdogo, dada. Valbrenne yote ingeingia ndani ya St Marys yenu na nafasi ikabaki. Umekaa kwenye kona ya mto Aurette, ukapanda kilima kama mtu anayekimbia maji. Chini kuna stesheni na daraja. Ukivuka daraja unaingia sokoni, na hapo ndipo lilipo duka la mikate ninapofanya kazi. Bibi mwenye duka, Madame Odile, anajua habari za mji huu toka enzi za wafalme, na hajali kama unamsikiliza au unahesabu mikate.

Kwenye ukuta wa soko wamechonga mistari, kila mmoja na mwaka wake. Nilidhani ni vipimo vya watoto, kama ule mlango wetu wa kambini ambapo Mama alitupima kwa kisu. Kumbe ni maji. Kila mto ulipofurika walichonga mahali yalipofika. Mstari wa chini kabisa unanifika magotini. Wa mwaka 1846 uko juu ya kichwa changu, na mimi si mfupi.

Mama anamsalimu mjukuu wake Aimé. Miezi miwili tayari! Anauliza: mtoto ananyonya? Usisahau kunijibu hilo.

Mdogo wako,
Diane

Hapo chini Mama amechora kikapu chake.


St Marys, 3 Machi 2024

Mdogo wangu Diane,

Barua imefika na nimeisoma kwenye treni ya Parramatta, nimesimama, mkono mmoja kwenye chuma. Ndiyo, nimerudi kazini kwenye nyumba ya wazee. Nilitaka nikae na Aimé mpaka afike mwaka, lakini walisema nisiporudi nafasi anapewa mwingine. Asubuhi namwacha kwa mama mmoja wa kanisani. Nimechoka, mdogo wangu, nimechoka mpaka juzi niliweka funguo kwenye friji na siagi kwenye mkoba.

Mwenzangu wa kazi, Wilkister, Mkenya wa Kisumu, aliniona nikicheka na karatasi wakati wa chai. "Barua? Ya posta? Armelle, huu ni mwaka gani? Ama una mtu kando?" Nikamwambia ni ya mdogo wangu, yuko Ufaransa. "Wacha! Paris!" Nikamwambia si Paris, ni mji mdogo kwenye kilima na mto chini. "Aa," akasema, "basi hiyo ni Penrith tu, hapa jirani. Rudisha hiyo barua kwa bahasha."

Nimekiona kikapu cha Mama. Kimeegemea kushoto kama siku zote, na mfuniko wake uliochongoka. Kila nikikitazama naliona lile dole gumba lake lililovunjika, anavyolikunja akishika kalamu. Mtu hajui kusoma wala kuandika, lakini sahihi yake hakuna atakayeiiga.

Mwambie mtoto ananyonya vizuri. Na wewe nitumie sauti yake kwenye simu, hata kama analia. Toka Januari sijamsikia.

Dada yako,
Armelle


Valbrenne, 24 Machi 2024

Dada,

Siku hizi kila jioni nikitoka kazini napanda kilima. Ni vizuri kwa miguu. Acha nikupitishe. Kutoka sokoni unashika Njia ya Wachuna Ngozi. Zamani walikuwa wanaloweka ngozi za ng'ombe kwenye mabwawa ya mto, na harufu ilikuwa mbaya kiasi kwamba binti wa njia ile hakuolewa na mtu wa juu. Ukimaliza njia unakutana na ukuta wa mji wa zamani na Lango la Kengele. Ukipita lango kuna jengo refu lenye paa la vigae vyeusi. Wanaliita Hôtel-Dieu, nyumba ya Mungu. Miaka mia tano iliyopita, mtu wa mji huu akiugua aliletwa hapo. Vitanda vilipangwa safu mbili, ili mgonjwa aone altare bila kuinua kichwa. Ubavuni mwake siku hizi wamejenga jengo jipya la vioo, na mbele kuna duka dogo la maua. Madirisha ya mashariki yanaona mto wote. Kahawa yao ni ya mashine, mbaya sana.

Nikusimulie habari ya kengele. Langoni alikaa mlinzi, kazi yake ni moja tu: akiona mto unapanda, apige kengele, watu wa chini wakimbie. Mwaka ule wa 1846 aliona maji yanakuja. Lakini siku hiyo chini sokoni dada yake alikuwa anaolewa. Alisikia ngoma mpaka kule juu. Akajisemea, ngoja wamalize kucheza. Hakuivuta kamba. Madame Odile anasema aliishi miaka arobaini zaidi, na kila siku alipanda kwenye kamba ile na kuishika, akashuka.

Nimekuwa nikimfikiria sana mtu huyo. Sijui kwa nini nakuandikia.

Mama hajambo, ila anakula kidogo. Ni baridi hii. Na mtoto bado ananyonya? Au umeanza kumchanganyia? Nijibu kweli, dada, Mama ndiye anayetaka kujua, na kikapu chake hicho hapo chini.

Diane


St Marys, 14 Aprili 2024

Diane wangu,

Huyo mlinzi wa kengele ningemchapa kwa mkono huu. Alimpenda dada yake, sawa. Lakini mtu aambiwe, aamue mwenyewe kama atacheza au atakimbia. Habari ni ya mwenyewe, hata ikiwa chungu.

Cheka: nimeuchora mji wako. Nyuma ya kalenda ya duka la dawa, nimeubandika kwenye friji. Stesheni, daraja, soko, Njia ya Wachuna Ngozi, lango, nyumba ya Mungu, jengo la vioo, duka la maua, hata ile kahawa ya mashine. Égide anasema sasa tuna ramani ya Ufaransa lakini kwenda Blacktown hapa karibu tunauliza simu. Jioni namshika Aimé kiunoni, naweka kidole chake stesheni, namwambia, "Haya, twende kwa bibi." Anaulamba mto.

Lakini nyumba yenu niiweke wapi? Umenionyesha kila kitu ila mlango wenu. Mama analala wapi? Chumba chake kinaona nini?

Meno yanamsumbua mtoto. Ananyonya kama ndama. Mwambie Mama maziwa ni mengi mpaka yanalowanisha blauzi ya kazi, asihangaike kabisa.

Nangoja sauti yake. Ujumbe wangu unausoma halafu unanijibu kwa picha ya moyo. Moyo nitaufanyia nini?

Armelle


Valbrenne, 5 Mei 2024

Dada Armelle,

Barua yako nilimsomea Mama. Pale pa ndama alicheka, akaniambia nirudie.

Nyumba yetu iweke karibu na daraja, upande wa stesheni.

Leo nikusimulie ya juu kabisa. Zamani makaburi ya mji huu yalizunguka kanisa, katikati ya nyumba za watu. Halafu visima vikaanza kutoa maji yenye harufu, watoto wakaugua, mkuu wa mji akaamuru wafu wote wahamishwe juu ya kilima. Wiki sita mikokoteni ilipanda, majira ya baridi, na wenye nyumba za njia ile walifunga madirisha ili wasione nani anapita. Wengine walimfuata marehemu wao, wakitembea nyuma ya mkokoteni kama wanazika mara ya pili.

Kutoka Hôtel-Dieu ni mwendo wa dakika kumi, kupanda tu. Udongo wa huko ni mwekundu, dada. Mwekundu kama wa Kigoma. Sikutegemea. Ulinigandia viatuni mpaka nyumbani na sikutaka kuupangusa. Kuna miti iliyosimama kama mishumaa, na ukigeuka unaona mto, daraja, na treni inavyoingia. Pametulia.

Mama anakusalimu. Anapumzika.

Mtoto bado ananyonya?

Diane

Kikapu hicho hapo.


St Marys, 26 Mei 2024

Diane,

Leo sianzi na salamu.

Ijumaa Wilkister alikuja kwangu kunisaidia kukunja nguo. Akasimama mbele ya friji, anatazama ramani. "Kumbe hii ndiyo Penrith ya Ufaransa." Kisha akaifuata njia kwa kidole, toka stesheni mpaka juu. Akaniuliza, "Dada yako ni nesi?" Nikasema hapana, anauza mikate, na kila jioni hupanda hapo juu. "Sasa hapa juu kila jioni anafuata nini?" Nikamwambia anatembea tu, ni vizuri kwa miguu. Akaweka kidole kwenye lile jengo la vioo. "Armelle. Nyumba ya wagonjwa ya zamani. Kando yake jengo jipya. Mbele wanauza maua. Ndani kuna kahawa ya mashine. Wewe na mimi tunafanya kazi wapi? Hiyo ni hospitali, mama."

Nikacheka. Kisha sikucheka.

Nikaenda kuzichukua barua zako. Nikaziweka mezani zote tatu, vikapu vitatu. Cha Februari kimeegemea kushoto. Cha Machi kimeegemea zaidi, mstari unatetemeka, nilidhani ni baridi. Cha Mei kimesimama wima, Diane. Kizuri. Kimenyooka kama cha mtoto wa shule.

Unakumbuka Shangazi Rehema kambini? Alikuwa amejifungua, mumewe akafia Kasulu hospitalini, na wakubwa wakasema mwanamke anayenyonyesha hapewi habari mbaya, maziwa yatakauka. Miezi mitano, mimi na wewe tulikuwa tunafua shati la yule baba kila Jumamosi na kulianika kwenye kamba, ili Shangazi aone shati aseme yupo, ametoka tu. Mama ndiye aliyetupa sabuni. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Najua kuanika shati, Diane. Nikiliona nalitambua.

Sasa nisikilize. Nimekupigia mara kumi na moja, hupokei. Hili nimeshindwa kuliandika kwenye simu, nakuandikia kwa njia yako. Kama unalinda maziwa, hakuna maziwa. Yalikatika mwishoni mwa Februari, wiki ya pili ya kurudi kazini. Aimé anakunywa ya kopo. Ananenepa, hana shida. Niliona aibu. Nilijua Mama angesema nimemwacha mtoto kwa ajili ya kazi, nami nilikuwa nimekwisha kujisemea hayo mwenyewe, sikutaka kuyasikia kwa sauti yake. Kwa hiyo kila ulipouliza nilidanganya, na ya ndama ndiyo mbaya kuliko zote.

Hakuna cha kulinda hapa. Niambie Mama yuko wapi kwenye ramani yangu.

Armelle


Valbrenne, 14 Juni 2024

Dada yangu,

Yuko juu. Kwenye udongo mwekundu. Tulimzika Jumamosi tarehe nne Mei, na ile barua ya mwisho niliiandika kesho yake, na viatu bado vichafu.

Lilikuwa tumbo. Daktari alituambia mwisho wa Januari, akasema miezi tu. Tarehe tisa Februari alilazwa kwenye lile jengo la vioo, kitanda cha dirishani, upande wa mashariki. Hatujahamia nyumba yoyote ya mawe. Mtandao unashika vizuri. Nilikuwa naziona simu zako zote, dada, naiweka simu kwenye blanketi naitazama mpaka ikate. Mama naye anaitazama.

Ni yeye aliyekataza. Alinishika mkono akasema usiambiwe mpaka uache kunyonyesha. Unajua tulikuwa na mdogo wetu wa kiume, yule wa tatu, ambaye hatajwi. Mimi nilidhani alikufa kwa homa. Mama alinisimulia pale kitandani. Siku alipoletewa habari ya kifo cha baba, maziwa yalikauka jioni ile ile, na kambini hapakuwa na kopo. Mtoto aliishi siku kumi na tisa. Akasema, "Yule nilimzika kwa sababu ya habari. Wa Armelle sitamzika." Ningefanyaje? Nikambembeleza, tukakubaliana hivi: nikuulize katika kila barua. Siku ukisema umeacha, siku hiyo hiyo nikupigie, nimpe simu aongee nawe. Ndiyo maana niliuliza. Kila mara niliuliza hilo moja, dada. Nilikuwa nimeshika kamba.

Hata Égide sikumwambia, uso wake hauwezi kuficha kitu. Na watu wa kanisani kwenu wangejaa mlangoni kwako na kilio kabla hujavua viatu.

Barua yako ya Aprili ilifika tarehe ishirini na tisa. Ilikuwa siku yake ya mwisho ya kuelewa maneno. Nilimsomea ya ndama mara tatu. Alicheka bila sauti, akaweka mkono kifuani kwake, hapa, kama yanamtoka yeye. Sasa nimesoma barua yako, sijui kama nikushukuru au nikulaani, maana kama ungesema kweli, ningekupigia mchana ule ule. Bado sijui. Alikufa tarehe pili akiamini mtoto wako anashiba kifuani kwako. Amekwenda na hilo.

Kikapu cha Mei nilikichora mimi. Nilijaribu mara nyingi, hakikubali kuegemea.

Fundi wa mawe anauliza aandike nini kwenye jiwe la kaburi. Nimemwambia angoje.

Nisamehe,
Diane


St Marys, 7 Julai 2024

Diane, mdogo wangu,

Juzi kwenye simu tulilia tu, dakika arobaini. Ndiyo maana nimerudi kwenye karatasi. Hii ni ya mwisho kwa posta. Kuanzia sasa utapokea simu yangu, hata kama uko dukani na unga mikononi.

Sikusamehe leo. Nitakusamehe, nakujua na najijua, lakini leo bado. Na mimi usinisamehe haraka. Nilikuwa na kitu kimoja cha kusema, neno moja, "nimeacha," na ningeisikia sauti yake mwezi Machi. Nilisema ananyonya vizuri. Kila nikichanganya chupa ya Aimé naisikia kengele ile isiyopigwa, na sijui nani kati yetu sisi watatu alikuwa langoni. Naona wote tulikuwa langoni, na wote tulikuwa chini tunacheza.

Nimemwambia Aimé. Nilimkalisha sakafuni, siku hizi anakaa mwenyewe bila mto, nikamwambia kwa Kiswahili, moja kwa moja: bibi yako amekufa, na mimi nilikuwa mbali, na hukuwa unanyonya. Alinitazama akataka kijiko. Lakini nimemwambia. Katika nyumba hii hakuna shati litakaloanikwa tena. Na mimi nikiugua utaambiwa siku hiyo hiyo, na wewe ukiugua utaniambia, hata niwe na mapacha kifuani.

Wilkister alikuja na sufuria ya ugali na omena, dagaa wa kwao, akakaa sakafuni na viatu vya kazi, hakusema lolote la Penrith. Alipoondoka aliiangalia ramani akauliza kama aitoe. Nikamkatalia. Nimeongeza juu kabisa, kwa kalamu nyekundu, miti yako ya mishumaa.

Tutakuja Aimé akianza kutembea. Usije kutupokea stesheni, Diane. Ningoje kule juu. Nitashuka kwenye treni, nivuke daraja, na kwenye ukuta wa soko nitamsimamisha mtoto kwenye mstari wa chini nione amefika wapi. Nitapita Njia ya Wachuna Ngozi. Langoni, kama kamba bado ipo, nitaivuta, waje wanikamate. Mbele ya jengo la vioo nitasimama, nitahesabu madirisha ya mashariki, maana alilala hapo akiitazama simu yangu ikiita. Kisha dakika kumi, kupanda tu. Sitamuuliza mtu. Njia naijua.

Kuhusu jiwe. Fundi asiandike maneno, Mama hakusoma neno hata moja maisha yake yote. Amchongee kikapu. Ndani ya bahasha hii nimeweka kile cha Machi, nimekikata kwenye barua yako. Kinatetemeka na kimeegemea kushoto sana, na fundi atadhani kimekosewa.

Mwambie asikinyooshe.

Dada yako,
Armelle